Wimbo wa Kupimia Jua

Donatha hakuwa mtu wa kumsifu mwenzake usoni. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na yeye alikuwa amewaona wagema wengi. Kwa hiyo kila Rayhana alipochapa fulana zake pale uani, Donatha alikaa kwenye kizingiti cha chumba chake, beseni la sambaza, wale dagaa wa ziwani, kati ya magoti, akatazama, akaguna. Basi. Ukitaka neno zaidi ya hilo, mfuate sokoni kesho yake. Huko wauza samaki wenzake walikuwa wamechoka. Rayhana amefanya hivi, Rayhana amefanya vile, leo amechanganya rangi mpaka imetoka kama ziwa la asubuhi. Mpaka siku moja Verediane, ambaye meza yake ilikuwa ubavuni, akamwuliza kama huyo Rayhana alimzaa yeye.

"Angekuwa wangu ningenyamaza," Donatha akajibu kwa Kiswahili chake cha Kivu. "Batu hawasifu vya kwao."

Na kwa nini asimsifu? Hebu mtazame mwenyewe. Nyumba ni ya Mzee Mudathiru, baba yake Rayhana, fundi cherehani aliyerudi huku Kivu kutoka Tanzania na Kiswahili chake kilichonyooka kama mshono. Chumba cha mbele ndimo mnamokaa cherehani; mzee hukata kitambaa cha pamba na kushona fulana mwenyewe, mikono, shingo, pindo. Nyuma kuna ua, bomba moja la maji, na chumba anachopanga Donatha. Hapo uani ndipo Rayhana anapochapa, na mashine hana. Fremu aliigonga kwa mbao za dirisha bovu. Juu ya fremu akawamba shela. Shela gani? Shela yake ya harusi, jamani! Siku alipoipitishia mkasi, mama mkwe wake alishika ukuta asianguke.

"Niliivaa mara moja tu, mama," Rayhana alimwambia. "Sasa itavaliwa na mji mzima."

Raba ya kuvutia rangi ilitoka kwenye waipa ya lori la mumewe, ambaye ni dereva. Mumewe alilalamika siku ya mvua, kisha akanunua waipa nyingine. Rayhana hulaza fulana juu ya ubao, akashusha fremu, akamwaga rangi upande wa juu, akaivuta ile raba kuja kwake mara moja, bila kusita, bila kurudia. Akiinua fremu, picha iko kifuani pa fulana, na wewe uliyekuwa unatazama unajikuta umeachia pumzi. Halafu anaianika, na ikikauka anaipiga pasi ya mkaa ili rangi isitoke ikifuliwa. Donatha alikuwa ameyaona hayo mara zisizohesabika, na bado sambaza zilimlalia mkononi kila raba iliposhuka.

Duka Rayhana hakuwa nalo. Alizifuata shughuli za watu. Jumamosi ya umuganda, siku ya kazi za pamoja, mtaa mzima umeshika majembe na mafyagio, na yeye yumo mtaroni na jembe lake kama kila mtu. Kikao cha baada ya kazi kikiisha tu, meza yake imeshasimama. Fulana za siku hiyo zina picha ya jembe limeegemezwa ukutani, na jasho linalidondoka jembe badala ya mtu. Watu walicheka, wakanunua. Siku ya sherehe ya kina mama wanaovuka mpaka pale Petite Barrière na mizigo, alichapa mgongo wa mwanamke: beseni kichwani, mtoto kiunoni, shingo imenyooka. Uso haukuwepo, maana anayevuka mpaka alfajiri huonekana mgongo tu. Kina mama wale waliigeuza fulana huku na huku, wakaanza kubishana huyo ni nani kati yao. Idi, harusi, mechi za shule, kote alikuwepo, na kila fulana ameifunga kwenye karatasi ya kaki kama mkate wa moto.

Sasa, picha huingiaje kwenye shela? Donatha alieleza jambo hilo sokoni mpaka akawa kama fundi mwenyewe. Rayhana huchora kwa wino mweusi kwenye karatasi, kisha huipaka karatasi mafuta ya kula ili ipitishe mwanga. Shela huipaka dawa fulani inayotoka Kampala, gizani, ndani ya stoo ya baba yake isiyo na dirisha. Ikishakauka, huitoa nje chini ya kitambaa cheusi, akaweka karatasi juu yake, na kioo juu ya karatasi, akafunua kitambaa. Jua linaigandisha dawa. Pale palipo na wino, jua halipiti, dawa inabaki laini, na maji ya bomba yakipita inatoka. Hapo ndipo rangi itakapopenya. Lakini kipimo, mama! Ukiliachia jua kidogo mno, dawa yote inaondoka na maji. Ukilizidisha, picha haitoki tena, fremu imekuwa ubao.

Na kipimo chake kilikuwa Straton.

Straton alikuwa mume wa Donatha, mvuvi. Sambaza za Kivu huvuliwa kwa mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, na wanaume hupiga makasia wakiimba, na Straton ndiye aliyekuwa mwimbishaji wa kundi lake, amekaa mtumbwi wa katikati. Asubuhi akirudi ziwani, badala ya kulala kama watu, alikaa uani akiota jua na kuimba. Siku moja Rayhana akagundua kwamba wimbo wa makasia wa Straton, ukiuanza anapofunua kitambaa na kuumaliza anapokirudisha, unatoa picha safi kabisa. Na wingu likipita? Straton alitazama juu akaukokota wimbo, kama mtumbwi uliokutana na upepo. "Ziwa imekuwa muzito," alisema kati ya ubeti na ubeti, na wingu likishapita, akakaza mwendo. Haikuharibika fremu hata moja enzi zake.

Wimbo wenyewe ulikuwa hivi. Kwanza: *Vuta, bandugu, vuta, ziwa haina mulango.* Halafu mwimbishaji huwaita wapiga makasia mmoja mmoja kwa jina. *Jean Paul iko wapi?* Na Jean Paul anajibu: *Iko hapa!* *Sibomana iko wapi?* *Iko hapa!* Mpaka wote wamekwisha. Ndipo wote kwa pamoja wanamgeuzia yeye: *Na Straton iko wapi?* Naye Straton, kichwa nyuma, mdomo wazi, anajibu kwa sauti inayofika ufukweni: *Iko haaapa!* Kila usiku, wake waliolala nchi kavu wakiisikia waligeukia upande wa pili wakalala vizuri.

Alikufa kwa ini, kitandani, mwaka juzi. Tangu hapo kundi lake lilipofika kwenye majina liliruka. Jean Paul alikuwa amekalia nafasi yake, lakini nani angeuliza swali lile la mwisho, na nani angelijibu? Donatha naye hakuuimba tena, hata kwa kuvumisha puani. Na Rayhana, mbarikiwe mlio na adabu, hakumwomba hata mara moja. Alinunua dawa, akapima kwa simu, akaharibu fremu kadhaa siku za mawingu, akazisugua kimya kimya. Hilo Donatha aliliona, na hilo pia hakumwambia.

Basi ukaja msimu wa mvua, na mashindano ya makasia ya mtaa wa ufukweni yakapangwa Jumapili baada ya misa. Jean Paul akaja uani na ombi. Kundi lilitaka fulana, na kifuani walitaka Straton.

"Picha yake mnayo?" Rayhana akauliza.

Donatha akaingia ndani akatoka na picha ya kitambulisho. Ndiyo pekee aliyokuwa nayo. Straton amefumba mdomo, macho yametoka, kama mtu aliyeng'olewa jino sasa hivi. Wote watatu waliitazama, na kila mmoja alijua: Straton aliyefumba mdomo siye.

Rayhana akamrudishia ile picha. "Nitamchora ninavyomkumbuka, Mama Denyse," akasema. Denyse ni binti ya Donatha aliyeolewa Kigali, na kwa jina lake ndivyo jirani wote walivyomwita mama yake.

Siku ya pili akamwonyesha karatasi. Yesu we! Kichwa nyuma, mshipa wa shingo umesimama, mwanya kati ya meno, na jicho la kushoto limefumba kuliko la kulia. Donatha alikuwa ameishi na mtu yule maisha yake yote ya utu uzima, na hakuwahi kujua kwamba akivuta sauti jicho la kushoto hufumba. Sasa alipoliona alijua ni kweli. Ndivyo alivyokuwa. Huyu mtoto wa fundi, akiwa ameinama juu ya fremu zake, alikuwa akimwona Straton muda wote huo.

"Hmm," Donatha akaguna. Akaenda nyuma ya nyumba akalia.

Ijumaa, dawa iliyobaki chupani ilikuwa ya kupaka mara mbili tu, na ya Kampala isingefika kabla ya wiki ijayo. Rayhana akapaka shela, akaikausha stooni, akaitoa. Jua lilikuwepo. Akafunua, akaiwasha simu yake ihesabu. Wingu likaja, likakaa, likaondoka, jingine likaja. Rayhana aliongeza muda kwa kukisia. Kisha akaibeba fremu hadi bombani, na Donatha akasimama nyuma yake na beseni lake mkononi, maana alitaka kumwona mumewe akitokea.

Akatokea. Kwanza mwanya, halafu jicho, halafu mdomo. Donatha akatabasamu. Kisha ukingo wa mdomo ukaanza kuteleza, na shavu likafuata, na uso mzima wa Straton ukayeyuka ukaenda na maji kwenye mfereji, pamoja na magamba ya sambaza. Shela ikabaki nyeupe.

"Nimuzike mara ngapi, Rayhana?" Donatha alisema, na sauti yake haikuwa ya ugomvi, ndiyo maana ilitisha. "Eh? Mara ngapi? Kama hamuwezi, mumuache mutu alale!"

Akaingia chumbani akaubamiza mlango.

Humo ndani alikaa kitandani na hasira yake. Aliungoja mlango ugongwe. Aliyataka machozi ya Rayhana, msamaha wa Rayhana, ili apate wa kumfukuza. Hakuna aliyegonga. Alichosikia ni brashi: kwara, kwara, kwara. Rayhana alikuwa anaisugua shela. Halafu kimya cha stooni, dawa ya mwisho inapakwa, inakauka. Halafu nyayo zake zikatoka tena uani. Mtoto yule alikuwa amebakiwa na nafasi moja tu, amefokewa na mtu anayemheshimu kama mama, na mkono wake ulikuwa unaendelea na kazi. Donatha alijikuta anasimama. Akachungulia dirishani.

Rayhana alikuwa katikati ya ua, fremu kwenye kitambaa cheusi mikononi kama mtoto mchanga, anatazama juu. Mawingu yalikuwa yakitoka upande wa milimani, mengine meupe, mengine si meupe hata kidogo. Mzee Mudathiru alikuwa ameacha cherehani, amesimama mlangoni.

"Subiri mpaka kesho, binti yangu," alisema.

"Kesho ni Jumamosi, baba. Nitachapa saa ngapi, zikauke saa ngapi?"

"Basi fanya. Lakini hiyo simu haina macho. Haioni wingu."

Rayhana alitazama mawingu tena. Aliitoa simu mfukoni, akaitazama, akairudisha. Na hakugeuka kuutazama mlango wa Donatha. Alijua kipimo chake kilikuwa nyuma ya mlango ule, nyumba nzima ilijua, na bado hakugeuka. Aliweka fremu chini, akaweka karatasi, akaweka kioo. Mkono ukashika ncha ya kitambaa, ukangoja.

Donatha akafungua mlango.

Alikaa kwenye kizingiti, pale pale anapokaa siku zote, akashika magoti yake. Alipofungua mdomo, sauti ilitoka mbovu, imekwaruza kama bawaba iliyoshika kutu.

*Vuta, bandugu, vuta…*

Rayhana akafunua kitambaa.

*…ziwa haina mulango.* Jua lilikuwa kali, na Donatha akakaza mwendo. Hakujua kwamba anaujua wimbo kiasi hicho. Mwili ulijua. Wingu la kwanza likaja, na mabega yake yenyewe yakalegea, yakaanza kuvuta polepole, ziwa limekuwa zito. Rayhana amepiga magoti, jicho halibanduki kwenye kioo. Mzee Mudathiru amevua kofia. Wingu likapita, Donatha akakaza tena, akaingia kwenye majina. *Jean Paul iko wapi?* Akaitika mwenyewe: *Iko hapa.* *Sibomana iko wapi?* *Iko hapa.* Jina kwa jina, wanaume wote wa mitumbwi ile mitatu, na hakumsahau hata mmoja. Wingu kubwa likafunika ua mzima, na majina mawili ya mwisho aliyaburuta kama nyavu zilizojaa. Jua likatoka tena.

*Na Straton iko wapi?*

Alilijaribu neno, halikutoka. Alifungua mdomo mara ya pili, ikatoka pumzi tu. Machozi yalikuwa yameshafika kidevuni, na jua lilikuwa linaendelea kuwaka juu ya kioo, halimngoji mtu.

"Iko hapa," Rayhana akasema, taratibu, akakifunika kioo kwa kitambaa.

Akaibeba fremu hadi bombani. Mwanya ukatokea. Jicho likatokea, la kushoto limefumba. Mshipa wa shingo. Mdomo. Rayhana aliacha maji yapite, na yapite tena, akapitisha kidole kwenye ukingo wa mdomo ule uliokuwa wazi, na ukingo haukusogea. Akainua fremu juu, jua likapita katikati ya shela, na Straton akaanguka kama kivuli kwenye gauni la Donatha, kichwa nyuma, anaimba.

Donatha hakuguna safari hii. Hakuweza.

Jumamosi walichapa tangu asubuhi. Raba ilishuka, fremu ikainuka, Straton akatoka. Ikashuka tena, akatoka tena. Donatha alipiga pasi mpaka mkono ukafa ganzi, na fulana ya kwanza aliyomaliza aliivaa yeye juu ya kitenge chake, yeye ambaye hajawahi kuvaa fulana tangu azaliwe. Jean Paul alipokuja kuchukua za kundi, alisimama mbele ya kamba ya nguo na Straton kumi na kadhaa wakipepea, akashika kiuno. "Bon, vizuri," akasema. Akaigusa moja kifuani. "Bon." Hilo tu.

Jumapili ufukwe ulijaa. Rayhana aliweka meza karibu na maji, fulana zimefungwa kwenye kaki, moja imetundikwa kwenye nguzo ya mwavuli. Watu wasiomjua Straton walinunua kwa sababu ya mdomo ule. Mtoto mmoja wa shule alisema ukiitazama sana unaisikia. Donatha alikuwa anafunga na kukabidhi, na Verediane amekuja kushangaa, ndipo firimbi ikalia na makundi yakaondoka.

Kundi la Jean Paul lilianza vibaya. Mtumbwi wa kushoto ulichelewa, wakawa wa mwisho, na watu wakaanza kuwazomea kwa utani. Kisha upepo ukaleta sauti zao. *Vuta, bandugu, vuta.* Donatha aliendelea kufunga fulana. Aliusikia wimbo unafika mahali pale pa kuruka, na mikono yake ikajiandaa kwa lile shimo alilolizoea.

Hawakuruka. *Sibomana iko wapi?* ilikuwa sauti ya Jean Paul. *Iko hapa!* Na mwingine, na mwingine, makasia yanaingia pamoja, mitumbwi mitatu inanyooka na kuja sambamba na ufukwe, wanaume wote na Straton kifuani. Majina yakaisha. Makasia yakabaki hewani, yanachuruzika maji. Halafu wote kwa pamoja, nyuso zimeelekea nchi kavu:

*Na Straton iko wapi?*

Ufukwe mzima ulisogea majini, hata wasiojua walichokuwa wanasubiri. Rayhana alimtazama Donatha, na mara hii jibu hakulisema yeye.

Donatha aliweka fulana mezani. Akarudisha kichwa nyuma, akafungua mdomo.

"Iko haaapa!"

Ilivuka maji. Makasia yakaanguka pamoja kwa kishindo, na mitumbwi ikaruka. Hawakushinda, walikuwa wa tatu, na ukiwasikiliza walivyopiga kelele ungedhani wamechukua ziwa lote.

Verediane alikuwa anajifuta macho kwa upindo wa kitenge. Akaichukua fulana moja, akaufuatisha mdomo ule kwa kidole. "Nani alichapa hii?" akauliza, ingawa alijua vizuri, aliuliza ili amsikie Donatha akianza yale yake ya sokoni.

"Ni mutoto yangu," Donatha akasema.

Verediane akangoja. Rayhana naye, karatasi ya kaki mkononi, akangoja.

"Donc, basi?" Verediane akasema. "Leo haumusifu?"

Donatha akavuta fulana nyingine, akaanza kuikunja.

"Batu hawasifu vya kwao," akasema.